Pindo la Kisutu

Juzi binti yangu alirudi kutoka shikola, yaani shule, na karatasi. Siku ya utamaduni imekaribia, watoto waje na vazi la asili kutoka nyumbani, likiwa la zamani la mama au la bibi ndiyo vizuri zaidi, na picha zitapigwa. Akina mama wenzangu wa mtaani hapa Pemba ya Msumbiji walifurahi, wakaanza kufungua masanduku. Mimi nilikaa na karatasi mkononi mpaka wali ukaungua. Mtoto aliponiuliza nina nini nikamfokea bure, halafu nikatoka kwenda sokoni kumnunulia kitambaa kipya, kilichokatwa kwenye jora nikiangalia kwa macho yangu. Muuza duka alinishangaa nilivyokikagua mapindo yote. Nilikuwa nahakikisha kwamba si cha mtu.

Jambo hili nimelikalia miaka mingi. Nyie wa rika langu mliokulia upande wa Tungue, karibu na Palma, mtazikumbuka siku zile gesi ilipoanza kutajwa. Ilitajwa sana kabla ya kuonekana, na wengine wetu mpaka leo hatujaiona. Zilikuja meli zikasimama mbali, helikopta zikapita juu ya minazi na kuku wakakimbilia uvunguni, wakaja wageni wa nguo za rangi ya chungwa na kofia ngumu, wanatembea ndani ya mihogo yetu wakipigilia vigingi. Mimi nilidhani gesi ni jiko. Nilidhani chini ya bahari kuna jiko kubwa, na siku wakiliwasha samaki watakuja juu wamekwisha kuiva, kazi yetu kuokota tu. Nilimweleza Bibi hivyo, akacheka mpaka akashika mbavu, akasema basi siku hiyo itabidi apike wali mapema.

Katika gesi yote ile, kitu nilichokielewa mimi kilikuwa nguo. Hapakuwa na mkutano usiogawa fulana na kofia. Watu wazima walikwenda msikitini Ijumaa na vile vizibau vya kung'aa juu ya kanzu, na imamu akaacha kuwasema, maana na yeye alikuwa nacho kimoja. Vijana waliopata kibarua walirudi na suruali za jinzi na mabuti mazito, wakayavaa hata mchangani. Mie nilikuwa na sare ya shikola na vipande viwili vya kapulana, ndivyo tunavyoziita kanga na vitenge kwa jina moja kule kwetu, nikajiona mnyonge kuliko watu wote ulimwenguni. Mtoto ana ujinga wake. Wa kwangu ulikuwa na tamaa ndani yake.

Nilikuwa naishi na Bibi, mama yake mama. Mama aliolewa ng'ambo ya Ruvuma, upande wa Mtwara, akaniacha nimsaidie mzee maji na kuni. Bibi alikuwa mwembamba, mweusi tii, ana tundu la kipini puani ingawa kipini chenyewe kilikwisha kupotea, na ndewe za masikio zimepanuka kwa majasi ya ujana wake. Aliniita mke mwenzangu, kama mabibi wa kwetu wanavyowaita wajukuu wa kike, na tulikuwa tukitaniana kutwa. Kazi yake iliyojulikana ilikuwa kuosha maiti wa kike. Akifa mwanamke, awe mwenyeji tangu enzi au mtu aliyekuja na mumewe kutoka bara, aliyefuatwa ni Bibi. Hakuna aliyepita mbele ya baraza yetu bila kusimama na kumwamkia.

Alikuwa na sanduku la bati, na chini kabisa ya sanduku kulikuwa na kisutu. Kisutu mnakijua, ile kanga ya kale ya nyekundu, nyeusi na nyeupe, ambayo bibi harusi wa pwani haozeshwi bila kuwa nayo. Cha Bibi kilikuwa kipana, doti mbili zimeungwa kwa mkono zikawa shuka moja, na upande mmoja kimeshonewa pindo la kitambaa kingine kikuukuu zaidi, kilichofifia mpaka nyekundu yake ikawa kama udongo. Pindo hilo lilijaa mishono ya uzi mweusi, mmoja mmoja, huu umenyooka, huu umepinda, mwingine umekazwa mpaka nguo ikajikunja. Nilikuwa nikiliona baya mno. Bibi hakukivaa hata siku moja. Mara mojamoja nilimwona amekifua, amekianika ndani ya ua pasipopita watu, kisha anakifukiza udi na kukirudisha kilikotoka. Sanduku halikuwa na kufuli, na kila nikikumbuka hilo ndipo ninapoumia.

Sikujua kazi ya nguo ile. Kwetu jeneza likitoka watoto huingizwa ndani na mlango ukarudishwa, kwa hiyo sikuwahi kumwona mwanamke anavyotolewa kwake kwa mara ya mwisho. Sikuuliza pia. Nilijijibu mwenyewe, na jibu langu lilikuwa Rehema.

Rehema ni binti wa mjomba wangu. Wakati ule alikuwa amekwisha kuchezwa unyago na mchumba wake amekwisha kutajwa, mzuri, mpole, kila mtu anamsifu, na mimi namwonea wivu mpaka chakula hakishuki. Siku moja Bibi alimwita ndani. Nilichungulia kwenye ufa wa ukuta nikawaona wamekitandaza kisutu kitandani, Bibi anapitisha kidole kwenye mshono mmojammoja akisema kitu kwa sauti ya chini, na Rehema anaitikia kwa kichwa. Nilipotaka kuingia Bibi akaniambia nikakae nje, mambo yale si ya watoto. Nikakaa nje. Nikaona wazi kwamba nguo nzuri kuliko zote katika nyumba ile ameandaliwa Rehema kwa harusi yake, na mimi ninayemchotea mzee maji kila alfajiri sitapata hata utepe.

Mwezi uleule profesora wetu, yaani mwalimu, alitangaza habari. Alikuwa msichana tu, ametoka upande wa Nampula, na alivaa kapulana kama hatujapata kuiona. Kwetu kapulana hufungwa. Ya kwake ilikatwa, ikabana kiunoni, ikavimba mabegani, ana gauni la kapulana la kwenda nalo popote. Tulimfuata nyuma kama vifaranga ili tuitazame ile nguo inavyotembea. Akatuambia wageni wa gesi watakuja Palma na shikola yetu imeombwa kufanya desfile, yaani kupita mbele ya watu mmevaa mkapendeza. Wataonyeshwa moda ya Kiafrika. Mwenye kitambaa cha kale nyumbani aje nacho, atakayependeza zaidi picha yake itakwenda dunia nzima. Simlaumu yule dada. Alisema tuombe ruhusa kwa wazee. Alilisema mara mbili, na mimi nililisikia mara zote mbili.

Siku iliyofuata Bibi alikwenda kufukuza ndege kwenye mpunga. Nilifungua sanduku, nikatoa kisutu, nikakitia kwenye ndoo na kukifunika na majani ya mhogo, nikaenda zangu kwa fundi Sumaili. Huyu alikuwa mgeni kutoka Lindi, ana miezi michache kijijini, amefuata gesi kama wengine, na cherehani yake aliiweka barazani karibu na soko. Nilimwambia Bibi amenituma, nishonewe gauni kama la profesora. Alikikunjua, akakipapasa, akakinusa. Akaniuliza kama kweli ni Bibi aliyesema kikatwe. Nikamwambia ndiyo. Akauliza tena kama amesema kwa mdomo wake. Nikaapa. Akakubali kunishonea bila kuchukua kitu, maana alitaka wageni waione kazi ya mkono wake, na akanionyesha pindo, anauliza alifanyeje, maana halilingani na nguo.

"Hilo baya," nikasema. "Likate, litupe."

Hakuna aliyenitia maneno hayo mdomoni. Nilikuwa na miaka kumi na kitu, nimesimama na ndoo yangu kichwani, nikaagiza kama bibi mkubwa.

Desfile ilifana, na hilo nalo lazima niliseme. Tulipakwa msiro, ile dawa nyeupe ya uso ya wanawake wa kwetu, tukapakiwa kwenye lori, tukashushwa uwanjani Palma. Nilipita na lile gauni, mikono kiunoni kama profesora alivyotufundisha, wageni wakasimama. Mama mmoja mwenye kofia ngumu alipiga magoti kwenye vumbi ili anipige picha vizuri. Akauliza, kwa kupitia mkalimani, nguo yangu hii huvaliwa siku gani. Sikujua. Nikasema huvaliwa siku ya furaha. Akaandika kwenye daftari lake. Nikapewa mkoba na kofia, nikapigiwa makofi, na sikumbuki siku nyingine utotoni niliyojiona nimekuwa mtu kama ile. Sijui picha ile iko wapi sasa, na sitaki kujua. Nimo mle nacheka.

Nilikuwa nimepanga kulivua gauni kabla sijafika nyumbani. Sikulivua. Nilitaka Rehema anione. Nilimkuta uani anatwanga, akainua macho, akauacha mchi ndani ya kinu na kuziba mdomo kwa mikono yote miwili. Bibi akatoka ndani kutazama ni nani amekuja. Alinitazama kuanzia mabegani, polepole, akashuka, akashuka, mpaka kwenye miguu yangu. Nilingoja matusi.

"Pindo liko wapi?" akaniuliza.

Nikamwambia fundi amelikata. Akajitupia kanga kichwani akatoka, hakuvaa hata viatu. Nikamfuata kwa mbali. Nilimwona akipiga magoti barazani kwa fundi, anachambua takataka za vitambaa kwa mikono miwili, na fundi wa watu amesimama anamwambia kwamba mabaki ya jana yake alikwisha kuyachoma. Baada ya kutafuta sana alichopata ni kipande kimoja, urefu wa kidole, ambacho fundi alikuwa akipangusia mafuta ya cherehani. Kilikuwa na mishono mitatu. Bibi akakileta karibu na macho. Akataja jina la mwanamke, akataja la pili. Wa tatu mafuta yalikwisha kumfunika, akamgeuza huku na huku, hakumjua tena. Fundi alipoelewa alikaa chini akaanza kuomba radhi huku analia. Bibi akamwambia yeye hakujua, hana kosa. Mimi nilikuwa nyuma ya mwembe wa jirani, bado nimevaa.

Sikupigwa. Jioni ile, tukimenya mhogo, Bibi alinieleza kila kitu kwa sauti yake ya siku zote, bila kunitazama. Zamani, alisema, mtu alijulikana kwa nguo kabla hajafungua kinywa. Mwungwana alijitanda rangi. Mtumwa alifunga kaniki, ile nyeusi ya kukwaruza, kiunoni au chini ya makwapa, kichwa wazi, na akifa huzikwa na kilichopo. Bibi wa mama yake yeye aliletwa pwani mtoto mdogo kutoka bara, akakulia ndani ya kaniki kwenye nyumba za watu. Mambo hayo yalipokwisha, wenzake walitafuta mashamba. Yeye alitafuta kisutu. Hakukivaa hata siku moja. Alisema hiki ni cha kutokea, na kwamba jirani yake yeyote wa kike, awe mtoto wa sharifu, awe mtoto wa kaniki kama yeye, siku ya kubebwa atafunikwa nguo hiyohiyo, ili watakaoliona jeneza njiani wasiweze kujua ni la nani kati yao. Na kila nguo iliporudi kutoka makaburini, binti wa marehemu alitia mshono mmoja kwenye pindo. Kisutu kikichakaa kilinunuliwa kipya, pindo likafumuliwa na kushonewa pale. Nguo ilikuwa imebadilishwa mara tatu. Pindo lilikuwa lilelile.

"Rehema nilikuwa namfundisha majina," akasema. "Tulikuwa tumefika nusu."

Nyie, nilitamani ardhi inimeze. Lakini aibu yenyewe niliyokuwa nayo siku ile, nikiichunguza sasa, ilikuwa ya kukamatwa. Aibu ya kweli ilikuja kwa awamu, na kubwa zaidi ilikuwa bado.

Haukupita muda akafa Bi Mwema, shoga yake Bibi tangu wote wawili ni wasichana, waliokuwa wakinunua doti moja na kugawana, huyu kipande na huyu kipande, ili wavae sawa. Bibi alilia kwanza peke yake chumbani. Kisha wakaja wanawake, wakiongozwa na Mama Halima, binti wa marehemu, kuchukua nguo. Mimi niliingizwa ndani kama desturi. Kwa ule ufa wangu wa siku zote nilimwona Mama Halima amesimama uani, macho yamevimba, na kifuani kwenye kanga amechomeka sindano yenye uzi mweusi tayari. Akasema, "Shangazi, tumeifuata nguo."

Bibi akawajibu kwamba nguo hana. Akasema walipita wageni wa gesi wanaotafuta vitu vya kale, naye akaingiwa na tamaa, akawauzia.

Nasikia mpaka leo jogoo wa jirani alivyowika. Mlango ulikuwa umerudishwa tu, haukufungwa, na mkono wangu ulikuwa juu ya ubao. Ningeusukuma, basi. Ningesema neno moja tu, ni mimi, na mambo yote baada ya hapo yangekuwa mengine. Niliutazama ule mkono wangu kama wa mtu mwingine. Mama Halima akachomoa sindano kifuani, akauzungusha uzi kidoleni, akageuka akaondoka. Bi Mwema alitolewa na kitenge cha kuazima, kipya, bado kina kanji, kina picha za miavuli.

Tangu siku hiyo Bibi hakuosha tena. Aliyeshika kazi ni Mama Halima. Mimi niliona wazi kilichotokea, kwamba wanawake wamemtenga kwa ajili ya uongo wake, na uongo wenyewe ni kifuniko changu. Watu waliendelea kumwamkia, lakini nikaziona salamu fupi, nikaona wanaopita upande wa pili wa njia. Huenda walikuwa wanapita tu. Nilikuwa nimekuwa mtu wa kuhesabu nyuso. Na badala ya kumwonea Bibi huruma nikaanza kumkwepa, kwa sababu kila nikimtazama alikuwa ananikumbusha. Ndiyo, nasema yote. Nilimkasirikia kwa kunifichia.

Kila alipokufa mwanamke kijijini, Bibi aliketi mkekani akisikiliza watu wanavyopita kwenda msibani, kisha akaniuliza, "Mke mwenzangu, huna neno?" Nami nikasema, "Sina, Bibi." Mwanzoni nilidhani anataka soga, anataka nimchangamshe. Baadaye nikakua, nikajua vizuri kabisa anachotaka, na bado nikasema sina. Nilikuwa na sababu zangu. Kwanza nilikuwa mdogo. Halafu nikawa mwali, nikaogopa nitakosa mchumba. Halafu ikawa zamani, na jambo la zamani nani analifufua? Bibi alikuwa akiitikia, "Haya," akarudi kwenye ukili wake.

Kisha vile vigingi vya mihogoni vikawa uzio, tukahamishiwa Quitunda pamoja na wengine wengi, kwenye nyumba za bloku zilizopangwa mistari. Bibi alihama na sanduku lake la bati, halina kitu chini. Mimi nikaolewa, nikaja Pemba. Kila nikirudi kumtazama nilimpelekea kapulana nzuri, mbili, tatu, mpaka akaniambia nisimletee tena, hana mwili wa kuzivaa zote. Akaniuliza lile swali lake. Nikamjibu jibu langu, nikakimbilia gari.

Nilipigiwa simu kwamba amefariki. Nilifika asubuhi, jua limepanda kidogo, nikawakuta wanaume nje wanatayarisha mambo yao na wanawake chumbani wamemzunguka, maji yamechemka na kupoa, pamba, kafuri, sanda imekunjuliwa. Rehema alikuwepo, amenenepa, analia taratibu. Mama Halima alikuwa anakunja mikono ya nguo yake aanze. Nilisimama mlangoni. Nilikuwa nimefanya mazoezi ya maneno njia nzima, yakaniishia, yakabaki machache.

"Kile kisutu Bibi hakukiuza," nikasema. "Nilikiiba mimi. Nilikipeleka kwa fundi nikamwambia alitupe pindo."

Hakuna aliyeshituka. Mmoja wao aliendelea kuchambua pamba. Mama Halima akanigeukia.

"Tunajua, mwanangu," akasema. "Tulijua kabla mama yangu hajazikwa. Kijiji kile mtu afiche gauni?"

Nikamuuliza kama walijua, kwa nini walimtenga, kwa nini walimnyang'anya kazi yake mzee wa watu. Mama Halima akatikisa kichwa. Akasema hawakumnyang'anya. Walimfuata kila msiba, mmoja baada ya mwingine, pale kijijini na hapa Quitunda, naye akakataa. Aliwaambia amesema uongo wakati maiti inangoja, na mtu wa namna hiyo haoshi watu. Uongo ule si wake peke yake, una mwenzake, na siku mwenzake atakapousema kwa hiari yake, yeye atarudi kazini. Walitaka kuniita waniulize, akawakataza. Alisema ni mtoto, ataona haya mbele ya watu, mwacheni, atasema.

"Wiki iliyopita tulifiwa nyumba ya tatu kutoka hapa," akasema Mama Halima. "Nilikuja kumchukua. Hawezi hata kusimama, lakini nilikuja. Akaniambia mke mwenzake hajasema."

Akanipa kata. Mjukuu ana haki ya kumwagia maji, alisema, nami ndiye niliyelelewa mkononi mwake. Rehema akanisogezea ndoo. Nikapiga magoti, nikaanza kumwagia upande wa kulia kama nilivyoelekezwa, nikimsimulia yote tangu mwanzo, ndoo, majani ya mhogo, fundi, yule mama wa picha, mlango, na wanawake wale wakanyamaza wote, hata Mama Halima akausimamisha mkono wake juu ya maji, kumpisha Bibi anijibu.